Walioanguka wa Carthage

Katika kila usharika uliodumu miaka mingi wamo watu ambao majina yao yameandikwa katika kitabu cha ubatizo, walakini mezani pa Bwana hawaonekani. Pengine huketi nyuma karibu na mlango. Wengine hawaingii kabisa, bali husimama nje chini ya mti wakati watu wanapoimba, nao huzijua nyimbo zote.

Katika kijiji nilikoanza kazi ya ualimu palikuwa na mzee wa namna hiyo. Mwaka wa njaa alikwenda kwa mganga akachinja mbuzi mweusi kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa hawezi, na mtoto akafa vivyo hivyo. Tangu siku ile hakuingia kanisani muda wa miaka kumi na mmoja. Wazee wa kanisa walipokutana kunena habari zake, mimi nilikuwa mwandishi wao, nami nikasikia maneno ya pande mbili. Mmoja alisema kwamba mtu huyu alitenda kwa kujua, na tukimrudisha upesi vijana watadhani kuabudu mizimu ni kosa dogo, kama kuchelewa kengele. Mwingine akauliza, “Hata lini, ndugu zangu? Au tunangoja afe?” Hatukumaliza shauri siku ile.

Usiku nilifungua vitabu vya habari za Kanisa la kale, nikaona ya kuwa swali lile lile liliulizwa katika bara letu hili la Afrika karibu miaka 1,800 iliyopita, na walioliuliza walikuwa maelfu. Nataka kuwaeleza habari zao.

Carthage ulikuwa mji mkubwa wa pwani ya kaskazini, karibu na mahali ulipo mji wa Tunis. Warumi waliuvunja mwaka 146 kabla ya kuzaliwa Kristo, kisha wakaujenga upya, na nafaka ya Afrika ikawa inapakiwa katika bandari yake kwenda kuwalisha watu wa Rumi. Injili ilifika huko mapema. Mwaka 180 liwali wa Carthage aliwahukumu Wakristo kumi na wawili, wanaume na wanawake, wa mahali paitwapo Scillium. Na mwaka 203 Perpetua, mama kijana mwenye mtoto wa kunyonya, pamoja na mjakazi Felicitas na wenzao, walitupwa mbele ya wanyama wakali katika uwanja wa michezo. Habari hizo zilisomwa kanisani kwa fahari. Baadaye ikaja amani ya miaka mingi, isipokuwa mara chache. Watu wakaongezeka, wakajenga nyumba, wakanunua mashamba, wakapata vyeo. Wengi waliobatizwa katika siku hizo waliwajua mashahidi kwa kusikia tu.

Mwaka 249 jemadari Decius alimshinda Kaisari Philip vitani akaketi mahali pake. Dola ya Rumi ilikuwa katika taabu. Mwaka uliotangulia Warumi walikuwa wamefanya sikukuu kubwa ya kutimiza miaka 1,000 tangu kuanzishwa mji wao, lakini mipaka ilikuwa ikishambuliwa, na fedha ilikuwa ikipungua thamani. Decius aliona ya kuwa dawa ni kuirudia miungu ya zamani. Basi akatoa amri kwamba watu wote wa dola watoe sadaka kwa miungu, wamwage kinywaji mbele yake, na kuonja nyama ya sadaka, machoni pa wajumbe waliowekwa; na kila aliyefanya hivyo apewe hati.

Maneno ya amri yenyewe yamepotea, lakini hati tunazo. Katika mchanga wa nchi ya Misri zimefukuliwa zaidi ya arobaini, zimeandikwa juu ya mafunjo, na nyingi zimetoka katika kijiji kimoja kiitwacho Theadelphia. Zote ni za mwaka 250. Ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1893, ni ya mtu aitwaye Aurelius Diogenes, umri wake miaka 72, mwenye kovu katika nyusi ya kulia. Anasema kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na sasa pia, mbele ya wajumbe, ametoa sadaka, amemwaga kinywaji na kuonja nyama, naye anaomba watie sahihi. Ni karatasi kama cheti cha kodi! Tena iko hati ya mwanamke aliyekuwa kuhani wa mungu Petesouchos, yaani mungu mamba. Hata yeye, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuitumikia miungu, alitakiwa kupiga foleni na kuthibitishiwa. Kwa hiyo amri haikutaja Wakristo tu. Iliwakamata watu wote kwa wavu mmoja, na Mkristo ndiye aliyeuona wavu.

Yaliyotokea Carthage tunayajua hasa kwa Cyprian, askofu wa mji huo, aliyeandika kitabu cha habari za walioanguka mwaka 251. Wasomaji wengi wangetazamia askofu asimulie jinsi askari walivyowaburura watu wake kwa nguvu. Hakusimulia hivyo. Alisema kwa huzuni ya kwamba wengi hawakungoja kukamatwa wala kuulizwa. Walikimbia wenyewe kwenda sokoni na kupanda mpaka hekalu kuu, kana kwamba ni jambo walilokuwa wakilitamani siku nyingi. Walileta wenyewe ubani na mnyama wa kuchinja. Wazazi walibeba watoto wachanga mikononi ili nao waguswe na sadaka. Watu walikuwa wengi hata jioni ikafika wakubwa wa mji hawajamaliza kazi, wakawaambia waje kesho. Nao wakasihi wasicheleweshwe.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara hunishangaza. Walikuwa watu waliojua habari za Perpetua! Lakini nadhani kumjua shahidi aliyekufa ni jambo moja, na kumwona karani amekaa mezani na orodha yenye jina lako ni jambo lingine.

Cyprian alitafuta sababu, wala hakuwaonea haya wakubwa. Alisema kwamba amani ndefu ilikuwa imewalegeza. Kila mtu alikuwa akiongeza mali yake. Hata maaskofu wengine waliacha makanisa yao wakazunguka katika nchi nyingine kufanya biashara, na kukopesha kwa riba, huku ndugu zao wana njaa. Halafu akataja jambo ambalo naliona ndilo kiini chake. Amri haikumfungia njia kila mtu. Aliyetaka angeweza kuondoka mjini, kuacha nyumba na shamba, akaenda mbali mpaka hatari ipite. Lakini aliyeondoka alipoteza mali yake. Ndipo Cyprian akasema kwamba mali ilikuwa pingu miguuni mwao. Walidhani wanaimiliki, kumbe inawamiliki wao. Naye alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kabla ya ubatizo wake alikuwa tajiri na mwalimu mashuhuri wa ufasaha, na alipoamini aliuza sehemu kubwa ya mali akawagawia maskini.

Walioanguka hawakuanguka kwa namna moja. Wako waliochinja na kula nyama ya sadaka. Wako waliotia ubani kidogo tu katika moto. Na wako wa namna ya tatu, ambao habari zao zitawafaa sana wenye akili nyepesi, nami nikiwamo: hao walinunua hati.

Mambo yalikuwa hivi. Mkristo alimwendea mkubwa wa mji kwa siri, au akamtuma mtu mwingine, akasema, mimi ni Mkristo, wala siruhusiwi kukaribia madhabahu ya mashetani. Basi pokea fedha hii, nipe karatasi, nisilazimishwe kufanya nisilopaswa kufanya. Mkubwa alipokea fedha, hati ikaandikwa ya kuwa fulani ametoa sadaka, na yule Mkristo akarudi nyumbani akaomba sala zake za jioni. Hakumchinjia sanamu, hakunusa ubani, mkono wake ulikuwa safi. Tena alidhani amemkiri Kristo, kwa kuwa alimwambia yule mkubwa wazi kwamba yeye ni Mkristo!

Miaka michache nyuma tuliwakataza wanafunzi wetu kuangua maembe mabichi katika uwanja wa shule. Siku moja nikamkuta kijana wa darasa la juu amekaa chini ya mwembe na maembe sita, na juu ya matawi yuko mdogo wake. Nilipomuuliza, alisimama kwa adabu akajibu, “Mimi, mwalimu, sikupanda mti.” Alisema kweli, na uso wake ulionyesha kwamba amejisamehe zamani. Hivyo ndivyo jaribu linavyomjia mtu aliyefundishwa. Mtu asiyefundishwa hujaribiwa avunje sheria. Aliyefundishwa hujaribiwa aizunguke.

Sasa nirudi kwa Cyprian, maana yeye naye alikuwa na jambo lake. Amri ilipofika aliondoka mjini akajificha, akawa analiongoza kanisa kwa nyaraka. Katika Rumi askofu Fabian alikuwa ameuawa, tarehe 20 Januari 250, na makasisi wa huko waliandika barua iliyodokeza kwamba askofu wa Carthage amefanya kama mchungaji wa mshahara, yule aonaye mbwa-mwitu akakimbia. Cyprian aliiona barua ile. Alijibu kwamba aliondoka ili ghasia isizidi na kundi lisipate madhara kwa ajili yake, lakini maneno yale hayakukosa kumchoma. Msomaji akumbuke hili: mtu aliyepaswa kuwahukumu walioogopa alikuwa mwenyewe akishutumiwa kwa hofu.

Wakati huo magereza yalikuwa na Wakristo waliokataa. Hao wakaheshimiwa mno, na walioanguka wakawaendea wakilia. Ilikuwa desturi ya zamani kwamba shahidi aliye karibu kufa aweza kumwombea mwenye dhambi, naye askofu huyatazama maombi hayo kwa heshima. Lakini sasa barua za msamaha zilitoka gerezani nyingi mno. Nyingine hazikutaja jina, ziliandikwa tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake. Na Cyprian akauliza, watu wake ni nani? Wawe ishirini au thelathini, au zaidi? Mwungamaji mmoja, Lucianus, aliandika barua za namna hiyo kwa jina la shahidi Paulus, hata baada ya Paulus kufa. Mwisho yeye na wenzake walimpelekea Cyprian waraka mfupi, kwamba wamewapa amani wote ambao mwenendo wao baada ya kosa utaonekana mwema, naye awaarifu maaskofu wengine.

Ni rahisi kumcheka Lucianus. Lakini katika gereza lake ndugu walikufa kwa njaa na kiu. Tena mojawapo ya nyaraka alizopelekewa yeye ingalipo hata leo, wala siwezi kuisoma bila kugeuka moyoni. Iliandikwa na Celerinus, aliyekuwa amefungwa huko Rumi siku 19 miguu yake ikiwa katika mkatale, asikubali kukana. Huyu shujaa aandika nini? Hajisifu. Aeleza kwamba wakati wa furaha ya Pasaka alilia mchana na usiku kwa ajili ya dada zake walioanguka. Mmoja alikuwa ametoa fedha asitoe sadaka, akapanda nusu ya njia kisha akashuka. Naye asihi wasamehewe, kwa kuwa wakimbizi wa Carthage walipofika Rumi, watu 65, dada hao waliwalaki na kuwatumikia wote. Mtu aliyesimama imara ndiye aliyewalilia walioanguka. Nimeona mara nyingi ya kuwa wakali kuliko wote ni wale ambao hawajajaribiwa.

Cyprian hakukataa msamaha. Alikataa haraka. Alisema jambo hili ni la Kanisa zima, lingoje mpaka maaskofu, makasisi na watu waweze kukutana kwa amani. Ila wagonjwa walio karibu kufa, wenye barua za mashahidi, wasingoje, na asipopatikana kasisi hata shemasi awapokee. Na kwa wale waliopiga kelele kwamba hawawezi kungoja, alitoa jibu kali: vita ingaliko, na kila anayetubu kweli aweza leo hii kwenda sokoni na kumkiri Kristo. Wako waliofanya hivyo. Anawataja Castus na Aemilius, ambao mara ya kwanza walishindwa, na mara ya pili walitiwa motoni wakashinda. Kwake yeye aliyeanguka chini ya mateso, mwili ukiisha kuchoka, si sawa na aliyekimbia mwenyewe na ubani mkononi.

Walakini makasisi watano wa Carthage, pamoja na shemasi Felicissimus, waliwapokea walioanguka bila kungoja na bila toba yo yote. Kule Rumi likazuka jambo la upande wa pili. Kasisi Novatian, mtu mwenye elimu nyingi, aliyeandika kitabu kizuri cha habari za Utatu, hakuchaguliwa kuwa askofu mwaka 251, alichaguliwa Cornelius. Basi Novatian akawekwa na wafuasi wake kuwa askofu wa pili. Alifundisha kwamba Kanisa halina mamlaka ya kumrudishia amani aliyetoa sadaka. Atubu mpaka kufa kwake, na Mungu atajua.

Mafundisho hayo yana sura ya utakatifu, na watu wengi wema waliyafuata. Cyprian aliyajibu kwa mfano ambao kila mkulima ataufahamu. Ni sawa, alisema, na kumwambia mtu alime shamba lake kwa bidii zote, apande, apalilie, lakini ajue kwamba hatavuna hata suke moja. Nani atashika jembe? Kumhimiza mtu alie, kisha kumwondolea tumaini la kufutwa machozi, ni kumzuia asilie. Ataona ni afadhali arudi moja kwa moja katika mambo ya ulimwengu.

Baada ya Pasaka ya mwaka 251 maaskofu walikutana Carthage. Walizozana siku nyingi, maandiko yakatolewa pande zote mbili. Mwisho walikata shauri kwamba kila mtu asikilizwe peke yake, pamoja na sababu zake na mambo yaliyomlazimu. Walionunua hati, wakiisha kuonyesha toba, wapokewe. Waliotoa sadaka waendelee katika toba, na saa ya kufa kwao wapewe amani. Nasifu sana lile neno la kwanza, kila mtu peke yake. Cyprian alieleza kwa nini. Yuko aliyewalazimisha mkewe na watoto na watumwa wake kwenda naye kutoa sadaka. Na yuko aliyekwenda yeye peke yake, akaitia nafsi yake katika hatari, ili mkewe na watoto na nyumba nzima wasiguswe, tena akawapokea wakimbizi chini ya dari yake. Huyo ameanguka, lakini nyuma yake wamesimama watu wengi ambao wasingesimama. Je, watu hawa wawili wahukumiwe sawasawa?

Hapa niwaombe wasomaji tutoke Carthage kidogo twende Iskanderia, katika nchi ya Misri. Askofu wa huko, Dionysius, alimwandikia mwenzake Fabius wa Antiokia, ambaye moyo wake ulielekea kwa Novatian. Dionysius aliona mambo kama yale yale: wengine walikuja mbele ya madhabahu wamepauka na kutetemeka, kana kwamba wao ndio watakaochinjwa, hata watu wakawacheka, wengine wakakimbia kwa ujasiri wakiapa kwamba hawakuwa Wakristo kamwe. Lakini katika waraka wake hakushindana kwa hoja tu. Alisimulia kisa kimoja.

Palikuwa na mzee aitwaye Serapion. Alikuwa ameishi bila lawama muda mrefu, kisha katika jaribu akaanguka, akatoa sadaka. Mara nyingi alisihi asamehewe, wala hapakuwa na mtu aliyemsikiliza, kwa kuwa alitoa sadaka. Akaugua. Siku tatu alilala bila sauti wala fahamu. Siku ya nne akapata nafuu kidogo, akamwita mjukuu wake, akamwuliza, hata lini mtanizuia? Fanyeni haraka, mnifungue; kamwite kasisi. Kisha sauti ikapotea tena.

Ilikuwa usiku. Mtoto alikimbia mpaka kwa kasisi, akamkuta naye mgonjwa, hawezi kutoka. Lakini Dionysius alikuwa ameagiza kwamba wanaokufa, kama wakiomba, na hasa kama waliomba tangu kabla, wafunguliwe, ili wafe na tumaini. Basi kasisi akampa mtoto kipande kidogo cha mkate wa Ushirika, akamwambia aulowanishe, amtilie mzee kinywani. Mtoto akarudi nao. Kabla hajaingia, mzee alizinduka akasema, umekuja, mwanangu; kasisi hakuweza kuja, lakini wewe fanya upesi alivyokuagiza, uniache niende. Mtoto akaulowanisha, akautia kinywani mwake polepole. Mzee alimeza kidogo, akakata roho.

Dionysius aliuliza: je, si wazi kwamba alihifadhiwa akae hai mpaka afunguliwe?

Nilipowasomea wazee wa kanisa habari hii katika mkutano wa pili, hapana aliyesema neno kwa muda. Kisha yule aliyekuwa mkali akaniomba nirudie pale mtoto anapopewa mkate usiku. Nikarudia. Mzee wetu alirudishwa Pasaka iliyofuata, baada ya kufundishwa na kuungama mbele ya wote, naye aliishi miaka minne zaidi. Nayataja haya kwa kuwa nimeulizwa. Lakini habari yenyewe bado haijaisha.

Decius aliuawa vitani na Wagothi mwaka 251, kabla hajatawala miaka miwili kamili. Mwaka mmoja au miwili baadaye ikaonekana kwamba taabu nyingine inakaribia, na maaskofu wa Afrika wakakutana tena, Cyprian pamoja na wenzake wapatao arobaini. Safari hii walilegeza ile kanuni yao wenyewe. Waliamua kwamba hata waliotoa sadaka, kama tangu siku ya kuanguka hawakuacha kulia na kutubu, wapewe amani sasa hivi, wasingoje kufa. Sababu yao ilikuwa ya kijeshi kabisa. Tutawatakaje wamwage damu yao kwa ajili ya jina la Kristo, ikiwa tunawanyima damu ya Kristo katika kikombe? Askari hapelekwi vitani bila chakula na silaha. Mtu atasema kwamba Cyprian aligeuka-geuka. Mimi naona alijifunza. Naye aliandika wazi kwamba amebadili shauri na kwa nini, jambo ambalo wakubwa hawapendi kuliandika.

Wafuasi wa Novatian hawakukubali, wakaendelea na makanisa yao kwa karne kadhaa. Yasimuliwa kwamba mwaka 325, katika mkutano mkuu wa Nisea, Kaisari Konstantino alimwuliza askofu wao Acesius kwa nini anajitenga, hali imani yake ni sawa na ya wengine. Acesius akamweleza mambo ya siku za Decius, na kanuni ile ngumu. Kaisari akamjibu, basi, Acesius, weka ngazi, upande mbinguni peke yako.

Yanabaki mambo ya Cyprian mwenyewe. Tauni iliingia Carthage katika miaka ile, maiti zikalala njiani, naye akawaita Wakristo wawauguze wagonjwa wote, pamoja na wale waliokuwa wamewatesa. Mwaka 257 Kaisari Valerian alitoa amri mpya juu ya Wakristo, na Cyprian akahamishwa mpaka Curubis, mji mdogo wa pwani. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kurudi katika bustani yake karibu na Carthage. Rafiki zake wenye vyeo walimjia wakamshauri akimbie, wakamwonyesha na mahali pa kujificha. Alikataa. Liwali alipokuwa Utica na kutaka aletwe kule, alijitenga siku chache, kwa sababu alitaka afe mbele ya watu wake mwenyewe, si mahali pengine. Liwali aliporudi Carthage, yeye naye akarudi bustanini akangoja.

Asubuhi ya tarehe 14 Septemba 258 alihukumiwa kukatwa kichwa. Aliposikia hukumu alimshukuru Mungu. Kundi la ndugu waliokuwapo wakapaza sauti kwamba nao wakatwe pamoja naye, na ghasia ikawa kubwa, wakamfuata mpaka kiwanjani. Palikuwa na miti mingi, na watu wakapanda juu ya matawi wapate kumwona, kama Zakayo. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu siku ile watu wa mji huo huo walipolisihi baraza lisiwacheleweshe mpaka kesho. Lazima wengine walikuwa ni wale wale.

Alivua joho lake akapiga magoti akaomba. Mchinjaji alipofika, Cyprian aliwaagiza watu wake wampe dinari 25 za dhahabu. Ndugu wakatandaza vitambaa mbele yake. Alijifunga kitambaa machoni, lakini mikono hakuweza kujifunga mwenyewe, basi kasisi mmoja na shemasi mdogo wakamfunga. Mwili ulilazwa karibu na hapo mchana kutwa, ukitazamwa na wapagani. Na usiku Wakristo wakaja na mishumaa na mienge, wakauchukua wakiomba mpaka makaburini, katika njia ya Mappalia, karibu na mabwawa ya samaki.